Uliza Sista: Dawa ya akili haikai peke yake mwilini

Toleo lililopita niligusia dawa za akili mistari miwili tu, nikasema mwenye swali alete, na enyewe mmeleta. Simu yangu imejaa meseji mpaka mjukuu akauliza kama nimeanza biashara ya nguo. Zote siwezi jibu hapa, nimechagua sita, majina nimetoa nimeacha mahali tu. Mimi nilikaa wodi ya akili miaka mingi kabla nistaafu nirudi kwa kuku wangu, kwa hivyo najibu vile muuguzi hujibu. Dozi yako siwezi kuibadilisha kupitia gazeti, hio ni kazi ya yule aliyekuandikia na anajua damu yako iko aje.

*Assalamu aleikum Sista. Mzee wangu ana bipola, ule ugonjwa wa kuchangamka kupita kiasi kisha kuzama kwa huzuni, na amekuwa kwa dawa ya lithiamu mwaka wa nne sasa, ametulia kabisa, shamba la miwa ndiye anasimamia. Juzi mgongo ulimshika akaenda duka la dawa akapewa diklofenaki, akameza siku tano. Siku ya nne mikono ikaanza kutetemeka mpaka chai inamwagika, akaharisha, na kuongea kwake kukawa kama kwa mtu aliyelewa na yeye pombe hajawahi kuonja. Majirani wakasema ugonjwa umerudi. Hospitali walipopima wakaona lithiamu imejaa kwa damu, wakamlaza wakamtundikia maji, sasa alhamdulillahi ako sawa. Nauliza mambo mawili, ile dawa ya mgongo iliingilia vipi, na Ramadhani ikifika afunge ama asifunge? – Mama Watoto, Mumias*

Waleikum salaam mama, na pole sana. Kwanza nikupe heko kwa kumfikisha hospitali badala ya kusikiza majirani, juu watu wengi wakiona mtu wa dawa za akili anayumba na ulimi mzito wanasema "imerudi", wanamfungia nyumbani, wengine wanamuongezea dozi ndio atulie, na hapo ndio mtu anapotea kabisa. Kumbe haikuwa akili, ilikuwa sumu.

Lithiamu ni chumvi. Sio jina la kupamba, ni ndugu wa karibu wa hii chumvi yetu ya mezani, na figo ikiziona haitofautishi sana hio na hio. Sasa mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, figo inaanza ubahili, inashika chumvi yote isitoke kwa mkojo, na kwa ule ubahili inashika na lithiamu pia. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, Brufen na wenzake nazo zinapunguza damu inayofika kwa figo, kwa hivyo lithiamu iliyopaswa kutoka leo inabaki, ya kesho inaingia juu yake, ya kesho kutwa tena, na siku ya nne kikombe kinamwagika. Mzee hakukosea dozi ata kidogo. Aliongeza tu mgeni nyumbani na mgeni akafunga mlango wa nyuma.

Hii kitu ya chumvi ilishaua watu zamani. Mwaka wa 1949 daktari mmoja wa Australia anaitwa John Cade ndiye aliandika kwamba lithiamu inatuliza watu waliochangamka kupita kiasi, na mwaka huo huo kule Marekani kulikuwa na watu wa moyo na presha walioambiwa waache chumvi, wakauziwa kloridi ya lithiamu wanyunyize kwa chakula badala yake. Sasa fikiria, mtu ameacha chumvi kabisa na hapo hapo anajimwagia lithiamu bila kipimo! Wengine walikufa. Marekani ikaiogopa hio dawa mpaka 1970 ndio ikairuhusu rasmi. Kwa hivyo ukisikia mtu wa lithiamu ameambiwa na jirani "acha chumvi ni mbaya", mwambie aulize kliniki kwanza. Chumvi ibaki vile imezoea, isipande isishuke ghafla.

Mgongo ukimshika tena, parasetamoli ndio rafiki yake, na akiingia duka lolote la dawa neno la kwanza kinywani liwe "niko kwa lithiamu", kabla ya salamu nikisema hivyo. Kuna dawa za presha pia ziangaliwe, hizi enalapril na losartan na ile ya kukojoza wanaita HCTZ, zote zinapandisha lithiamu, na wazee wetu wengi wako nazo. Hawezi kuambiwa asitibiwe presha, hapana, lakini yule anayeandika ya presha lazima ajue kuna lithiamu ndio damu ipimwe upya.

Kupima kwenyewe kuna siri moja ambayo kliniki zingine husahau kuambia watu. Damu inatolewa baada ya masaa kumi na mawili kamili tangu dozi ya mwisho. Kama alimeza saa tatu usiku, damu itolewe saa tatu asubuhi, na kama ana dozi ya asubuhi asimeze mpaka atolewe. Akimeza halafu aende, namba itakuja juu bure na mtu atapunguziwa dawa bila sababu. Namba inayotakikana kwa wengi ni kati ya 0.6 na 1.0, ikipita 1.5 tunaanza kukimbia. Huu mwaka wa nne apimwe angalau kila miezi 6, pamoja na figo na tezi ya shingoni, lakini kwa vile ametoka kulazwa watataka mara kwa mara zaidi kwanza. Kutetemeka kidogo kwa vidole wengi wa lithiamu wanako na sio hatari. Hatari ni kutetemeka kukubwa, kuyumba, ulimi mzito, kutapika, kuharisha. Hapo asimeze dozi inayofuata, mbebe hospitali siku hio hio. Na hapa kwetu malaria ndio adui mkubwa, juu homa inakausha maji na kutapika kunamalizia. Akishikwa na homa ya kutapika usingoje kesho.

Ramadhani. Mimi si sheikh lakini niliuguza Waislamu wengi na wao ndio walinifundisha, Suratul Baqara aya ya 184 na 185 inampa mgonjwa ruhusa ya kuacha na kulipa siku zingine. Kama ametoka kulazwa karibuni na damu haijatulia, hio ruhusa ni yake na asione aibu, kuna watu wanafunga kwa kuogopa macho ya watu msikitini. Kama damu imetulia miezi kadhaa na anatamani kufunga, aende kliniki mwezi mmoja au zaidi kabla, sio siku mbili kabla, aulize kama dozi inaweza kuwekwa yote usiku baada ya futari, apimwe kabla, apimwe tena katikati. Maji anywe mengi kati ya futari na daku, kidogo kidogo, asijaze tumbo mara moja. Shamba la miwa jua la saa nane na saumu na lithiamu, hapana, hio kazi amuachie mtu mwezi mmoja. Na chai, hii wengi hawajui, kafeini inasaidia kutoa lithiamu, kwa hivyo mtu wa vikombe sita kwa siku akiacha ghafla lithiamu inaweza kupanda. Basi akiamua kupunguza chai apunguze pole pole na aseme kliniki.

*Sista habari. Kijana wangu ana miaka 9. Mwalimu alikuwa ananiita kila wiki, mara amepanda dirisha, mara amepoteza kitabu tena. Daktari akasema ni ADHD, ile shida ya kutotulia na kushindwa kushika akili, akamuanzishia Ritalin, moja asubuhi moja mchana. Shuleni amebadilika kabisa, anamaliza kuandika, lakini chakula anakiangalia tu, amekonda, na usiku analala saa tano. Dani yake, yaani nyanya yake, anasema namlisha mtoto kokeini na anataka kumpea manyasi, dawa za miti shamba. Alafu likizo nampa ama naacha? – Mama wa Kondele, Kisumu*

Mama, dani hajakosea yote, amekosea nusu, na nusu aliyopatia umpe heshima yake. Ni kweli dawa yenyewe, methilfenideti, iko kwa jamii ya dawa za kuchangamsha na mataifa yaliiweka chini ya ulinzi mkali tangu mkataba wa 1971, ndio maana huwezi kuinunua bila karatasi ya daktari na ndio maana sio kila duka la dawa Kisumu unaipata. Mahali amekosea ni hapa, tembe ndogo iliyopimwa inayomezwa na mtoto mwenye ADHD haimpi ile raha ya mtu wa kokeini, inamsaidia ubongo kushika breki. Watu hushangaa, mtoto amechangamka alafu unampa dawa ya kuchangamsha? Hata madaktari walishangaa. Mwaka wa 1937 daktari Charles Bradley kule Marekani aliwapa watoto dawa ya aina hio, mwanzoni akitafuta tiba ya maumivu ya kichwa, maumivu hayakuisha ila walimu wakaanza kusema watoto wamegeuka, wanafanya hesabu. Ritalin yenyewe ilikuja baadaye, na aliyeitengeneza aliita jina la mke wake, Rita. Mwambie dani hio, wazee wanapenda hadithi.

Sasa chakula. Tembe ya kawaida inafanya kazi masaa matatu mpaka manne basi inaisha. Hayo masaa ndio hamu ya chakula inapotea, kwa hivyo usipigane na mtoto saa hizo, piga kando. Mlishe kabla ya kumeza. Asubuhi aamke mapema kidogo apate uji wa wimbi mzito uliosagiwa njugu ndani, au mayai mawili, akishashiba ndio tembe. Mchana ale kwanza kile anaweza, ata kama ni ndizi mbili na nyoyo (githeri) kidogo, ndio ameze ya pili. Jioni dawa ikishaisha njaa hurudi kwa fujo, na hapo wamama wengi wanakosea wanasema "si wakati wa chakula, ngoja saa mbili". Usingoje. Saa kumi na moja akiomba mpe, saa mbili mpe tena, ugali omena zilizokaangwa na mafuta ya kutosha, avokado, maziwa. Mpime uzito kila mwezi na urefu kila miezi 6 na uandike kwa daftari, nenda nayo kliniki. Kama uzito unashuka mfululizo daktari ana njia, anaweza kupunguza au kubadilisha, lakini bila namba ataona tu mtoto mmoja mwembamba kati ya wengi. Mkumbushe pia apime presha na mapigo ya moyo, na kama kuna mtu kwenu alikufa ghafla akiwa kijana au mtoto mwenyewe huzimia akicheza mpira, sema bila kungoja kuulizwa.

Kuhusu usingizi, hebu fanya upelelezi. Tembe ya saa sita mchana saa kumi imekwisha, haiwezi kumkesha mpaka saa tano. Nenda shule uulize nani anampa ya mchana na saa ngapi hasa. Nimeona kesi mwalimu anasahau, anakumbuka saa tisa, na usiku mama analaumu dawa. Kama ni saa sita kweli basi angalia TV na simu. Pia kuna lile lisaa limoja dawa inapoisha, mtoto analia kwa kitu kidogo, anagombana na wadogo wake, hio ni dawa inatoka na sio utundu, umpishe tu.

Likizo wengine wanapumzisha mtoto ale anenepe, wengine hawawezi juu mtoto anakimbilia barabarani bila kuangalia. Hio uliza daktari kabla shule zifungwe, usiamue na dani jikoni. Manyasi usichanganye, hatujui kuna nini ndani na moyo wa mtoto ni mmoja. Ficha hizo tembe na kufuli, kuna mabinamu wa Form 4 wanaosikia "dawa ya kusoma" wakaiba wiki ya mtihani. Na mwalimu amkalishe mbele, ampe kazi fupi fupi. Kila kaunti ina ofisi za EARC, wale wa kupima mahitaji ya mtoto shuleni, pita huko juu tembe inafungua mlango tu, kuingia kuna kazi yake.

*Hi Sista, nasoma Egerton, Njoro. Nimeanzishiwa fluoksetini ya 20, ile dawa ya depression, siku kumi na moja zimepita. Sioni chochote zaidi ya kutapika tapika na kukosa usingizi. Nataka kuacha. Ama niongeze mbili? – Mchovu*

Mwanangu, usiache na usiongeze. Hii dawa ina tabia mbaya moja, inaleta maudhi kwanza faida baadaye. Kichefuchefu na kichwa kuuma kwa wengi hutulia wiki ya pili hivi, hali ya moyo inaanza kuinuka wiki ya pili mpaka ya nne, na hukumu tunatoa wiki ya sita. Ikiwa unameza usiku hamia asubuhi baada ya chai na mkate, usingizi utarudi. Na ukishapona usitupe pakiti kwa furaha, unaendelea angalau miezi 6 ukiwa mzima, wengi tunawaambia 9, alafu unashuka pole pole na daktari.

Mawili ya maana kuliko yote. La kwanza, wiki za mwanzo kwa vijana chini ya miaka 25 nguvu inaweza kurudi kabla ya moyo kutulia, na mtu aliyekuwa amelala na mawazo ya kujidhuru anapata nguvu ya kuyafuata. Kama yanakuja, mwambie roommate leo, nenda kliniki ya chuo leo, au piga 1199 ya Red Cross, ni bure. Usiogope polisi, ile sheria ya kifungu cha 226 ya kushtaki aliyejaribu kujiua Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba inakiuka Katiba. La pili, jiulize kwa ukweli, ushawahi kuwa na siku nne tano za kutolala, maneno mengi, pesa zinaruka, unajiona mfalme? Ama mtu kwenu ana bipola? Kama ndio, rudi ukaseme haraka, juu fluoksetini peke yake kwa mtu wa bipola inaweza kumrusha juu ya paa.

*Sista, nina miaka 27, nina bipola na niko kwa Epilim mwaka wa tatu. Nimeolewa Aprili na mama mkwe ameanza kuangalia tumbo langu. Nikishika mimba nitaacha dawa, hio ni plan sawa? – Dada wa Kakamega*

Hapana dada, hio plan imepinduka. Kuacha ukishajua uko na mimba ni kuchelewa, juu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga wiki nne za kwanza, wakati wewe bado unafikiria period imechelewa tu. Epilim ndio valproeti, na kati ya watoto kumi wanaobebwa mama akiimeza mmoja hivi anazaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwa mojawapo, na watatu mpaka wanne kati ya kumi wanachelewa kuongea, kutembea au kusoma. Shirika la Afya Duniani linasema wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa wasipewe, na Uingereza tangu Januari 2024 mtu chini ya miaka 55 haanzishiwi mpaka wataalamu wawili wakubaliane. Nashangaa na kukasirika kidogo kwamba miaka mitatu hakuna aliyekukalisha chini akakwambia. Lakini sio wewe wa kulaumiwa.

Usiache kesho asubuhi. Ukiacha ghafla bipola inarudi na mimba ndani ya mania, ule mchangamko wa kupita kiasi, ni shida mbili. Fanya hivi, shika family planning ya uhakika kuanzia wiki hii, alafu nenda kwa daktari wa akili useme neno moja, "nataka mtoto". Atakuhamisha kwa kitu kingine, kuna kwetiapini, kuna olanzapini, kuna lamotrijini, hata lithiamu kwa uangalifu, na hamisho lenyewe linachukua wiki au miezi. Lamotrijini kwa mfano inapandishwa pole pole sana kwa sababu ya upele mbaya wa ngozi, na mtu akiwa bado na Epilim inapandishwa pole pole zaidi juu Epilim inaizidisha damuni maradufu. Foliki asidi utapewa ya 5 mg lakini usidanganyike kwamba inaosha hatari ya Epilim, haioshi. Mama mkwe mwambie mwaka huu mnajenga jikoni.

Na wale mnaosoma hapa mkiwa kwa Tegretol (kabamazepini), dawa ingine ya kutuliza bipola, msifikiri hii haiwahusu. Hio inachoma homoni za vidonge vya uzazi na ile implanti ya mkononi, mnashika mimba mkiwa mmejipanga, sindano ya miezi mitatu au koili ni afadhali. Tena kama uko kwa ARV zenye dolutegravir, Tegretol inaishusha, na mara nyingi huhitaji ya asubuhi na ya jioni badala ya moja. Kliniki ya akili na ile ya ARV ziko milango miwili tofauti na faili mbili tofauti, na anayejua zote mbili ni wewe peke yako. Sema.

*Niaje Sista, mimi ni wa boda hapa Free Area. Daktari alisema bipola, lakini nimesoma nikaona mimi ni ADHD pia, siwezi tulia. Muguka ndio hunisaidia kushika akili. Naweza pata Ritalin? – Rider, Nakuru*

Kijana wangu inawezekana una zote mbili, zinatembea pamoja kwa watu wengi. Lakini swali la daktari litakuwa, kabla ufike miaka 12 ulikuwa hivi? Nyumbani na shuleni? Kama kutotulia kulianza ukiwa na miaka 22 na kunakuja kwa misimu basi pengine ni bipola ile ile inayoongea. Na hata kama ni zote, bipola inafungwa kwanza ndio Ritalin iguswe, sio kinyume. Muguka nayo ni ya kuchangamsha, unatafuna mchana inakunyima usingizi usiku, na usiku mbili tatu bila kulala ndio ngazi ya mania, siku ya nne unakimbiza boda taa nyekundu ukiona uko sawa kabisa. Jaribu wiki mbili bila, andika unalala masaa mangapi, peleka hio karatasi kliniki. Itamsaidia daktari kuliko kila kitu umesoma kwa simu.

*Sista, kijana wangu ana bipola na olanzapini ndio imemsimamisha. Kliniki yetu dawa inaisha kila mara, natumwa ninunue. Nimeanza kumpa siku moja naruka moja ndio pakiti ifike mwisho wa mwezi. Tena amenenepa sana. – Mzee wa Bungoma*

Mzee wangu, najua hio hesabu, nimeona wazazi wakiipiga kwa vidole mbele ya dirisha la famasia. Lakini kuruka ruka kunakupa hasara mbili, ugonjwa unaota chini kwa chini, na daktari akimuona amerudi nyuma anafikiri dozi haitoshi anaongeza, kumbe haimezwi. Mwambie ukweli wa pesa. Neno "siwezi kununua" ni dalili kama dalili ingine, na yeye ana la kufanya nalo. Kuna dawa za bei ya chini kama haloperidoli ambayo vituo vingi huwa nayo, kuna risperidoni, anaweza kupanga mpito badala ya wewe kupanga njaa. Uliza pia olanzapini ya jina lingine, dawa ni ile ile kampuni ndio tofauti na bei inaweza kuwa mbali sana, lakini beba pakiti ya zamani ulinganishe miligramu, nishaona mtu wa 5 akarudi na ya 10 akalala siku mbili. Ulizia famasia ya hospitali ya misheni, na pale ofisi ya hospitali uulize SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, inashughulikia nini.

Kama kuna mtu anasoma hii akiwa kwa lamotrijini na amekosa dawa zaidi ya siku tano, yeye asirudi tu pale alipoachia. Anaanza tena chini kabisa kama mgeni, kwa sababu ya ule upele.

Kunenepa ni olanzapini, sio uvivu wa kijana. Inafungua njaa isiyofungika na inaweza kuleta sukari. Apimwe sukari na mafuta ya damu, kama haijawahi kupimwa aende clinic ijayo bila kula asubuhi, na wewe mzee mnunulie mzani wa elfu mbili hivi muweke sebuleni. Soda mkate saa nne usiku ndio huwa inamaliza hawa vijana, njaa inawaamsha. Mchemshieni mahindi na maharagwe yakae kwa sufuria, akiamka apate hayo. Na mkivuna msimu huu, kabla mlipe karo, weka kando pesa ya pakiti mbili mbele, ziwe ndani ya nyumba kabla ile ya kliniki iishe tena.